Sahihi

Chumba changu ni stoo ya vyandarua.
Asubuhi nasukuma marobota ukutani,
natandika kanga juu ya lile lililochanika,
na viti viwili vya plastiki vinatazamana
kama wakwe waliokosana.
Mlango haufungi. Nauegemeza tofali,
namwambia kila anayeingia: sema polepole,
nyuma ya mbao hii wanapima watoto uzito
na akina mama wa Muyeye wana masikio.

"Wewe ni daktari?"
Hapana.
"Nesi?"
Hapana.
"Sasa hapa wewe unatoa nini?"
Natoa sikio, mama. Na karatasi za kufutia machozi,
nimenunua mwenyewe.

Leseni yangu iliisha Disemba.
Kuihuisha kunataka ada, ada inataka mshahara,
na mshahara hauitwi mshahara, unaitwa posho;
posho inataka vocha, vocha inataka sahihi,
na sahihi ina mwenyewe, ghorofa ya pili,
nyuma ya chupa ya chai.
"Faili lako halijanifikia, dada Mbeyu."
Limesafiri wapi, faili hilo? Ngazi ni kumi na nne.

Msimamizi wangu yuko Nairobi.
Anataka saa mia moja zilizoandikwa,
na kila saa anayonisikiliza mimi
ni elfu mbili na mia tano, kabla hatujaanza.
Simlaumu. Naye amepanga chumba.
Ila mwenye nyumba wangu, Maweni,
haelewi habari za saa mia.
Anaelewa tarehe tano.

Kijana mmoja, nimwite Karisa, silo jina lake,
ana miezi saba hajagusa unga.
Aliniletea mihogo miwili ndani ya gazeti.
Kanuni za kazi zinasema: usipokee zawadi.
Kanuni hazijawahi kulala na chai ya rangi.
Nilichukua mmoja, mmoja nikamrudishia akale na mamake,
na usiku, nimeshiba, nikajiuliza
kama nusu ya kosa nayo ni kosa.

Kuna siku nasikiliza watu tisa.
Mjane wa Ganda. Mvulana anayeficha mikono.
Msichana asiyesema: dakika arubaini tulikaa
tukisikia watoto wa wenzetu wakilia juu ya mizani.
Nikitoka sina hata la kumwambia muuza mchicha.
Mganga hajigangi, walisema wahenga.
Hawakusema nani amlipe.

Ijumaa, saa kumi na nusu,
mtu akasogeza tofali.
Jina simtaji. Ghorofa nimeshaisema, Mungu anisamehe.
Nilidhani kaleta hela!
Akakaa. Akatazama marobota.
"Hapa kuna joto," akasema,
kisha akalia kama aliaye mtu
aliyezoea kufunga mlango kwanza:
hakuna sauti, mabega tu.

Yaliyofuata siyaandiki.
Ni yake. Hata shairi hili halina ruhusa.

Nitasema tu habari zangu mimi:
kwamba kichwani kulikuwa na mwanamke mwingine
akihesabu, Machi, Aprili, Mei, Juni,
akitaka kusimama, akitaka kuuliza kuhusu faili,
na kwamba nilimshika gauni nikamkalisha.
Nikauliza usiku anakula nini.
Nikauliza nani mwingine anajua.
"Wewe," akasema. "Wewe tu."

Alipoinuka nikampa daftari la mahudhurio,
maana saa isiyo na ushahidi, kule Nairobi, si saa.
Akatoa kalamu ya buluu mfukoni mwa shati,
akainama juu ya robota la vyandarua,
na ikatoka hivyo, kwa wepisi,
mkia mrefu, nukta mbili chini,
ile niliyoingoja miezi minne.

Saa ya sitini na tatu.